Kidole Gumba cha Kushoto

Mwezi huu wa mvua nimecheza gemu nne. Anayedhani karani wa benki wa miaka arobaini na moja hana haja na gemu, basi na asome mahali pengine. Nimezicheza mchana, sebuleni kwa baba yangu, mtaani Kwadaso, mapazia yakiwa yameshushwa na mvua ikipiga bati hadi sauti ya runinga isisikike.

Baba yangu, Mwalimu Agyapong, amefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Mwezi wa tatu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Na kwetu mkono wa kushoto haumsalimii mtu, haumpi mtu kitu, wala haugusi chakula. Kwa hiyo Baba aliacha kula. Kulishwa alikataa, akasema yeye si kitoto kichanga. Kijiko kwa kushoto ndiyo usimtajie kabisa. Alichokubali ni uji wa mahindi nikimshikia kikombe, mafunda matatu manne, basi. Muuguzi alituambia waziwazi kwamba akija Jumatatu akakuta uzito umeshuka tena, anamrudisha hospitali akawekewe mpira wa kulishia puani. Nikachukua likizo, nikahamia kwake na mashine yangu ya gemu, maana kukaa tu nikimtazama mzee akikauka kungenitia wazimu.

Nilianza na ya magari. Barabara inafuata bahari, jua liko karibu kuzama na halizami. Sikushindana na mtu. Nilienda polepole, wenzangu wakanipita wote, nikabaki peke yangu na ile rangi ya chungwa majini. Baba, ambaye hajawahi kumiliki gari, alisema naendesha kama nimebeba mayai.

Ya mpira nilifungwa sita bila. Sikujali, maana ninachokipenda ni ile dakika kabla ya filimbi, wachezaji wamesimama, mvua inanyesha uwanjani. Siku ile ilikuwa inanyesha na nje, nikawa sijui tena ninasikia ipi. Nilisinzia pedi ya kuchezea ikiwa mkononi, nikaota nimelowa.

Ya shamba ilimuudhi Baba. Yeye ni mtoto wa mkulima wa kakao, na mahindi ya mle ndani yanakomaa kwa siku tatu bila palizi. Aliniambia huo ni uongo wa watu wasioshika jembe. Hata hivyo kila asubuhi aliniuliza kama maboga yamenyweshwa.

Ya nne ndiyo iliyonishika. Ndani yake kuna mtu mmoja tu, anatembea kwenye nyasi ndefu kutafuta mto unakoanzia. Hakuna adui, hakuna alama, hakuna neno. Ukungu unashuka, unapanda. Ukisimama, nyasi zinaendelea kuinama, na unajisikia umesahaulika kwa namna nzuri. Siku mbili Baba alitazama bila kunikosoa, jambo ambalo si la kawaida. Siku ya tatu, Jumamosi, akauliza kwa ule ulimi wake mzito:

"Nani anamtembeza?"

"Kidole gumba changu."

"Kipi?"

"Cha kushoto, Baba. Cha kulia humu hakina kazi."

Akautazama mkono wake wa kushoto. Kisha akaniambia nikafunge mlango, asije mtu akamwona.

Nilimwekea pedi mapajani. Mara ya kwanza mtu wake alizunguka papo hapo, akaingia kwenye jabali, akabaki analisukuma. Nilijiuma mdomo nisimsaidie. Halafu akanyooka. Baba, ambaye tangu mwezi wa tatu hajavuka sebule bila kushikwa, alitembea mchana kutwa. Alivuka vilima, akapita chini ya miti inayodondosha majani meupe, akasimama mahali akasikiliza maji. Nilikuwa na furaha inayouma.

Jumapili nilipika fufu, ule ugali wetu laini wa muhogo na ndizi, na supu ya karanga, nikaweka bakuli moja kati yetu. Akageuza uso. Hasira zikanipanda, na mimi zikipanda sina breki. Nilinawa mkono wa kushoto, nikautumbukiza bakulini mbele yake.

Mimi nilizaliwa wa kushoto. Baba alinifunga mkono huo kwa kitambaa mwaka mzima, na kitambaa kikilegea alinichapa rula, mpaka nikajifunza kula na kuandika kwa kulia kama watu. Hatukuwahi kulizungumza.

"Serwaa," akasema. "Mkono huo."

"Wa kushoto ndio uliokutembeza jana, Baba. Na kesho muuguzi anakuja."

Nilimega, nikachovya, nikameza. Supu ilinichuruzika hadi kwenye kiwiko, maana hata mimi nilikuwa nimeshausahaulisha kula. Baba aliutazama ule mkono muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote kwenye runinga.

"Ulikuwa na miaka mingapi," akauliza, "nilipoufunga?"

"Minne."

Akarudia "minne", taratibu, kama anayehakiki jibu la mwanafunzi. Machozi yalimtoka jicho moja, lile linaloweza. Akaniomba maji ya kunawa. Nilimmiminia. Kisha Mwalimu Agyapong akaingiza mkono wake wa kushoto bakulini, kando ya wangu, akamega tonge kubwa kupita kiasi.