Racine Iliyosahauliwa na Citoyen Numbi

Citoyen Numbi, assistant wetu wa fizikia kule chuoni Kasapa, alikuwa na abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyonyooka kuliko akili yake. Kufundisha aliiachia polycopié, zile karatasi za stensili alizotugawia mwanzo wa mwaka. Sisi tulizimeza neno kwa neno, maana mtihani wake ulikuwa kutapika tulichomeza.

Sasa, mashine ya kuchapa haina alama ya racine, ile ya kipeuo cha pili. Daktilo, yaani mpiga chapa, huacha nafasi, na mwalimu huichora kwa mkono juu ya stensili. Numbi alikuwa mvivu, hakuchora. Basi kasi ya maji yanayotoka chini ya tangi ikawa mbili mara mvuto wa dunia mara kimo cha maji, bila racine, na darasa zima likameza hivyo hivyo.

Mimi Habiba nilikuwa narudia mwaka. Nikianguka tena ni kufukuzwa, na mama alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake atakuwa injinia. Zamu yangu ya mtihani wa mdomo ilipofika, Numbi akaniuliza fomula hiyo hiyo. Nikaiandika ubaoni pamoja na racine, kama nilivyoipima mwenyewe mwaka huu wa kurudia. Akacheka kwa pua, akaniagiza nifute.

Nikamkumbusha kilichoandikwa katika polycopié yake mwenyewe, ukurasa wa kwanza: kasi yoyote hujengwa kwa urefu na muda, na pande mbili za fomula lazima zijengwe sawa.

"Citoyen assistant," nikasema, "mbio iko metre mu segonde. Bila racine, ile iko metre mara metre, mu segonde mara segonde. Ile haiko mbio ya kintu hata kimoja."

Akautazama ubao, akihesabu kwa midomo. Shingo ikaanza kulowa jasho. Alikuwa ameelewa. Maskini ya Mungu, hata yeye alielewa. Akaenda kufunga mlango.

"Benzako bote baliandika vile iko mu polycopié, na nilibapitisha," akasema polepole. "Andika vile, na weye utapita. Ao unataka niende kubaambia nilikosa?"

Nilimfikiria mama. Kisha nikamtazama huyo mtu mzima, anayemwomba msichana amfunikie uvivu wake, nikamdharau mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Sikufuta.

Mjinga ningemsamehe. Numbi alijua, akainamisha kichwa, akaniandikia alama tano juu ya ishirini, nianguke.