Mwalimu Harudi Darasani

Mkuu wa chuo chetu cha usalama wa baharini ni mwanangu wa kwanza, na mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea. Asubuhi ile alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimeshavaa suti ya majini hadi kiunoni. Akasimama mlangoni akitazama ukuta.

"Mama, leo utakaa darasani," alisema. "Kifua ataingia majini na wanafunzi."

Kifua ni mwalimu mpya. Jina la utani linamtosha. Akipita mlangoni, mlango unajua.

"Darasani nifundishe nini?"

"Kanuni. Hali ya hewa. Mama, goti lako lina vyuma."

"Havijashika kutu."

"Sitanii."

"Hata mimi. Nifunge zipu."

Alinifunga zipu, maana nimemlea vizuri, lakini hakuacha kusema. Alisema daktari hakuandika kwamba nimepona, aliandika nipumzike. Alisema mwalimu akizama mbele ya darasa, chuo kinafungwa. Mwishoni akatoa la moyoni: "Ukifia pale gatini, nitawaambia nini wadogo zangu?"

"Waambie mama yenu alikuwa kazini. Wataelewa. Wamekula kwa kazi hiyo hiyo."

Nieleze kidogo. Nimefanya kazi melini miaka mingi, kwanza baharia wa sitahani, baadaye ofisa wa zamu. Siku meli yetu ilipolala ubavu, nilikuwa miongoni mwa waliofika kwenye boti la kuokolea. Sote tulikuwa na vyeti. Boti lilikuwa limepinduka, tumbo juu, na hakuna aliyejua kuligeuza kwa sababu tulikuwa tumeliona kwenye picha tu. Si wote walioiona asubuhi. Tangu hapo sifundishi kwa picha. Kuniweka mbele ya ubao ni kuniambia nikae kimya.

Tulikubaliana, yeye kwa shingo upande. Nitaligeuza boti la mazoezi baharini, mbele ya wanafunzi, peke yangu, mara moja. Nikishindwa, Kifua anachukua majini na mimi nachukua chaki.

Gatini wanafunzi walikuwa wamejipanga na majaketi yao ya kuokolea. Ni wafanyakazi wa feri, watu wazima, wengi wakijifanya hawaogopi. Mpishi wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja, ndiye aliyekuwa amefunga mikanda yake sawasawa kuliko wote. Upepo ulikuwa unaingia kutoka mdomo wa bandari. Boti lenyewe ni la mpira, jeusi, la duara, pana kama chumba cha kulala. Lilikuwa limepinduliwa, linaelea tumbo juu.

Niliruka. Maji yalinibana pumzi nikasubiri yaniachie, kama ninavyofundisha. Kisha nikasahau mengine yote ninayofundisha, kwa sababu nilimwona mwanangu kule juu amekunja mikono, nikataka kumaliza upesi nimwonyeshe. Nikapanda palipokuwa karibu, nikakanyaga mtungi wa gesi inayolijaza boti, uliofungwa upande mmoja, nikashika mkanda unaokatiza tumbo la boti, nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote. Boti likainuka, likasimama wima kama ukuta, likatetemeka. Upepo ukalisukuma likarudi lilikotoka, na mimi nikamwagika kando kama maji ya kufulia.

Kisha nikamsikia mpishi.

"Mwalimu, mtungi uko joshini. Unapigana na upepo."

Joshini ni upande upepo unakotoka. Demani ni upande unakokwenda. Mtungi unatakiwa uwe demani, ili boti likiinuka upepo uingie chini yake na kukusaidia. Nilikuwa nimewaambia hivyo jana yake mpaka wakanichoka.

"Mpishi, nyamaza," Kifua alisema.

"Ninyamaze kwani nimetukana? Si yeye katuambia tukiona kosa tuseme, baharini hakuna kuoneana haya?"

"Mama, toka," mwanangu alisema. "Ilikuwa mara moja."

"Nimekusikia," nilisema, nikaanza kulizungusha boti.

"Mama."

Goti lilikuwa linawaka. Nilishika kamba ya pembeni nikalivuta boti huku nikipiga maji kwa mguu mmoja, taratibu, hadi mtungi ukawa demani. Kifua alikuwa ameshavua fulana. Nikamwambia abaki hapo hapo. Nikapanda, nikakanyaga kwa mguu mzima, nikashika mkanda, nikangoja. Upepo ulipovuma nikalala nyuma. Boti likaja kwa wepesi, likapita juu ya kichwa changu na kunifunika.

Chini yake ni giza na harufu ya mpira. Hapo ndipo watu wanapopotea: wanajaribu kuogelea kifudifudi, na jaketi linawainua na kuwagandamiza kwenye sakafu ya boti. Nililala chali, nikasukuma sakafu kwa mikono nikapata nafasi ya kuvuta hewa, nikajiburuta hadi ukingoni. Nilipotokeza, Kifua alikuwa majini, na mwanangu amepiga magoti kwenye ukingo wa gati, suruali ya ofisini imelowa.

"Makubaliano yalikuwa mara moja," alisema.

"Basi makubaliano yalikuwa mabovu. Boti likikukatalia mara ya kwanza katikati ya bahari, utaenda wapi? Darasani?" Nikawageukia wanafunzi. "Kosa langu lilikuwa nini?"

Walijibu kwa pamoja hadi wapakizi wa gati la pili wakageuka.

"Tutaongea nyumbani, Mama."

"Nyumbani tunaongea ya nyumbani. Ya majini tunayamalizia hapa. Ukitaka kunitoa, nitoe mbele yao na uwaeleze kwa nini."

Aliwatazama. Nao wakamtazama. Mpishi akakohoa, kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mwanangu akainuka, akapangusa magoti, akamwambia Kifua, "Kaa karibu naye. Usimguse mpaka aombe." Kisha kwangu, kwa ile sauti ya baba yake akishindwa ubishi: "Daktari utamweleza wewe, si mimi."

"Nitamweleza."

Mimi na Kifua tukalipindua boti tena, tumbo juu.

"Mpishi," niliita, "shuka. Unaanza wewe."

"Mimi? Mimi si nimesema tu?"

"Ndiyo maana."