Dang'a Chini ya Samaki

Na ijulikane kwa wote, wenye pembe na wasio na pembe, kwamba Waziri wa Dang'a amerejea kutoka shule ya bweni! Wizara yake ni friza moja kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba ya kiatu. Humo mama huhifadhi dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mbuzi aliyezaa, mazito, ya manjano, kwa ajili ya kitoto kitakachokosa ya mama yake.

Muhula mzima aliota kurudi kazini. Alipofika bandani, alimkuta mdogo wake, Kijiko, anakamua.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Kijiko akasema bila kuinua kichwa. "Nawa mikono kwanza."

Nawa mikono! Nani aliyemfundisha yule mtoto kushika chuchu? Mama naye akacheka: "Kijiko wangu hamwagi hata tone."

Kijiko wangu. Wivu ukamwingia.

Asubuhi akazizika chupa za dang'a chini ya samaki waliogandishwa humohumo frizani, na mahali pake akapanga chupa za maziwa ya kawaida. Kesho mama angekagua, Kijiko angepewa ufagio, na Waziri angerudishiwa cheo chake.

Mbuzi mweusi hakusubiri kesho. Alizaa jioni hiyohiyo, chuchu zimevimba, hazitoi kitu. Kitoto kililala juu ya gunia kinatetemeka, mdomo wa baridi. Kijiko akatumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama, hii si dang'a."

"Lete nyingine."

Nyingine nayo nyeupe. Kijiko akaanza kulia. "Nilizipanga mwenyewe, mama! Nimekosea wapi?"

Waziri alikuwa amejiandaa kufurahi. Lakini kitoto kilifumba macho, na miguu ya Waziri ikatoka mbio kabla hajaituma. Akafukua samaki, akarudi na chupa ya manjano, vidole vimekufa ganzi.

Mama akaiyeyusha dang'a, na kitoto kikaanza kunyonya, kimkia kikicheza. Ndipo akageuka.

"Friza imejaa mpaka juu, mwanangu. Umejuaje pa kufukua?"

Mheshimiwa akatazama viatu vyake. Alinuka samaki mpaka viwikoni.

"Nimezificha mimi, mama. Nilitaka Kijiko aonekane hajui kazi." "Anaijua kuliko mimi. Hilo ndilo lililoniuma."