Dira ya Darasa la Nne

Jumanne moja ya mwaka 1956, Mwalimu Nyamoita alitandaza kamba kwenye uwanja wa shule ya shamba la majani chai, akanyunyiza jivu juu yake, na ramani ya shamba zima ikawa tayari, miraba thelathini. Herufi zilikwenda kwa upana, nambari kwa urefu. Kazi ngumu ilikuwa watoto wenyewe wa Darasa la Nne. Kwao dunia ilikuwa na pande mbili tu: juu, kiwandani, na chini, mtoni. Ukiwauliza mashariki ni wapi, walitaka kwanza kujua umesimama kwenye laini gani ya nyumba za wafanyakazi.

Ndipo akatoa dira mpya iliyoletwa na ofisi ya elimu. Mshale ulizunguka mara mbili, ukatulia ukielekea kwenye majani. Kaskazini ilikuwa upande mwingine, nyuma ya choo. Nyamoita aliitikisa dira, akaipuliza, akaisogeza mbali na kengele ya chuma. Mshale ulishikilia neno lake.

Jioni alimsimulia mama yake, Bilhah, aliyekuwa akimenya viazi. Bilhah hakuwa amelala vizuri kwa miaka miwili, tangu mumewe Arasa, mchuma majani, afe kwa homa msimu ambao mvua ilikata barabara ya kwenda kwao Kisii. Kampuni ilimzika pembeni mwa shamba. Kisha shamba likapanuliwa, miche ikapandwa juu yake, na kigingi chenye jina lake kikang'olewa. Mjane aliomba jambo moja tu: konzi ya udongo wa kaburi, akauzike nyumbani, kulia mwa nyumba, mahali pa mwenye boma. Mnyapara Orina alimtafutia siku tatu nzima, akashindwa. Majani yote yanafanana.

"Hiyo chuma haina makosa," Bilhah alisema, na kisu hakikusimama. "Inaonyesha baba yako. Pimeni vizuri."

Kesho yake Nyamoita aliligeuza jambo hilo kuwa somo. Darasa lilisimama kwenye mlingoti wa bendera, likasoma mshale, likachora mstari kwenye jivu. Kisha wakatembea mpaka banda la kupimia majani, wakasoma tena, wakarudi kuchora mstari wa pili. Kipkorir, mzito wa hesabu lakini mwepesi wa miguu, alikwenda kusimama pale mistari ilipokutana.

"D nne, Mwalimu."

Alitaja herufi kwanza, nambari baadaye, kama alivyofundishwa. Nyamoita alifurahi kama mwalimu kabla hajafurahi kama binti.

Jumapili, baada ya kanisa, Orina aliwapeleka mama na binti D4 akiwa ameshika dira. Kati ya miche miwili mshale ulianza kuzunguka polepole, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Bilhah alipiga magoti, akachimba kwa mkono. Udongo ulikuwa na joto na ulinuka tumbaku ya Arasa. Akamwambia mumewe kwamba amechelewa kwa sababu ya watu, si kwa kupenda, akafunga konzi tatu kwenye leso. Nyamoita alilia, kisha akacheka, na Orina akatazama pembeni kwa heshima.

Bilhah alikwenda Kisii, akazika udongo ule kulia mwa nyumba, na wiki iliyofuata akatuma salamu kwamba sasa analala mpaka ng'ombe wanamlalamikia.

Nyamoita alimwendea karani wa shamba kuomba kaburi liandikwe kwenye ramani ya kampuni. Karani alimkaribisha kiti, akafungua ramani, akamwonyesha kwamba hapo ni majani. Siku hiyo hiyo wachumaji walipita D4, na majani ya hapo yakapimwa pamoja na mengine.

Jumanne dira ilitolewa tena. Watoto walikuwa tayari kwa kaskazini. Mshale ulizunguka, ukaipita kaskazini bila kusimama, ukatulia ukielekea B2.

Kipkorir alinyoosha mkono.

"Hapo palikuwa nyumbani kwa babu yangu, Mwalimu. Kabla ya majani kuja. Nyanya anaulizanga tu jiwe lake la kusaga wimbi liko wapi."

Nyamoita alilitazama darasa. Walikuwa watoto thelathini na wanane, na kadhaa walikuwa wameshaanza kunyoosha mikono. Akawaambia wachukue vibao vyao vya kuandikia, wapange mstari. Kaskazini ingesubiri zamu yake.