Kumi na Moja

...saba, Nazari Ndunguru, "Nipo, mwalimu," bado majina manne tu, na mimi nimeganda hapa mstarini mikono nyuma, eti mjanja wa kompyuta, Hedwiga mimi, tangu aje huyu mwalimu mpya wa nidhamu Januari mchapaji wa orodha ya adhabu ni mimi, na kila Ijumaa nafuta jina langu, mashine inajipangia namba yenyewe, pengo halionekani, Jumamosi wenzangu wanachimba ngolo, mashimo ya shamba, mteremko mzima, mimi nafua sketi... "Nane, Gertruda Hyera," "Nipo," jamani asome polepole... jana jenereta ilikaribia kuzimwa, nikaona uvivu, nikafungua orodha ya mwaka jana ya darasa letu, wanaoadhibiwa kwa kuongea Kimatengo shuleni si walewale, nikabadili tarehe, nikajifuta, nikachapa, sikusoma, Mungu wangu sikusoma, na sasa hivi ndiyo nakumbuka nani alikuwa juu tu ya jina langu... Asteria wangu, akimaliza mashimo yake anakuja kunimalizia yangu, "We Hedwiga, una mikono ya sista," anacheka, halafu likizo ya Desemba mtumbwi ukapinduka kwao Lituhi, tukamzika, tuliimba mpaka sauti zikakauka, na huyu mwalimu katoka Songea, atajulia wapi... "Tisa," na mdogo wake yule pale mbele, Ephrasia wa kidato cha kwanza, kavaa sweta la dada yake, mikono kaikunja mara mbili, nikimbilie mbele niseme mwalimu ruka hilo jina? ataniuliza umejuaje, ataniuliza na lako liko wapi, nitafukuzwa, na baba kauza kahawa ingali maua ili nirudi shule... "Kumi," "Nipo," sema basi, Hedwiga, sema... "Kumi na moja, Asteria Haule." Hata wanaokohoaga wameacha. "Asteria Haule! Hasikii huyo?" mdomo ninao, ulimi ninao, sauti sijui imekwenda wapi, mwoga mkubwa mimi... na kule mbele mkono wa sweta unainuka, kasauti kembamba, "Nipo, mwalimu," mwalimu anaweka tiki, anageuza karatasi, "Kumi na mbili," na mimi nasikiliza, nasikiliza kwa moyo wangu wote, aniite, aniite mimi, palikuwa pangu hapo, na anamwita Joakim.