Laptopu Iliyosomewa Dua

Mjomba Masoud, fundi wa milango ya kuchonga pale Bagamoyo, aliposikia mpwa wake Adila kachaguliwa kusomea uhandisi wa ujenzi, hakungoja ushauri. Alikwenda Dar mwenyewe, akarudi na laptopu nyembamba ya rangi ya waridi, nyepesi kama sahani tupu. "Hii ndiyo ya mtoto wa kike," akasema. Makosa yalianzia hapo, ila nani angemwambia?

Ikawa shughuli. Udi ukafukizwa, maalimu akaalikwa, laptopu ikasomewa dua ikiwa juu ya kanga mpya, ubwabwa ukaliwa. Watu wakamsifu mjomba mpaka akaona haya. Kesho yake Adila akaweka programu ya kuchorea majengo iliyoagizwa na chuo, akafungua mchoro wa paa la shule. Laptopu ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena, na moto iliopata ungeweza kunyooshea nguo.

Jamani, mtoto yule alilia. Miaka minne ya chuo, na chombo hakibebi hata paa moja! Akamficha mjomba siku nne. Dukani waliruhusu kubadilisha ndani ya wiki moja, na kesho ndiyo ilikuwa mwisho. Lakini huyu ndiye mjomba aliyemlea tangu baba yake afariki. Mama yake, Bi Raya, naye alimkatisha tamaa kabisa. "Kitu kimesomewa dua, leo ukirudishe kama sufuria inayovuja? Utatutia aibu, mwanangu."

Adila akashindwa kuvumilia. Akaibeba mpaka karakana ya mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona macho mekundu?"

Adila akaiwasha laptopu. Akafungua ule mchoro, wakangoja wote wawili. Mjomba akakitazama kioo kilichoganda, kisha akamtazama mpwa wake.

"Na kazi hii utaifanya mara ngapi?"

"Kila siku, mjomba."

Ilimuuma, ilionekana wazi. "Msumeno nauchagua kwa mbao ninayokwenda kukata," akasema. "Wewe nikakuchagulia rangi. Na umeniacha nasifiwa siku zote hizi."

"Niliogopa. Nisamehe."

Bi Raya aliposikia wanairudisha, akashika kichwa. Kaka yake akamjibu kwa upole, "Dua tulimwombea Adila, Raya. Laptopu ilikuwepo tu."

Asubuhi yake, dukani, mjomba alikataa hata kutazama rangi. "Fungua paa hili kwanza," akamwambia muuzaji, "bei baadaye." Laptopu mbili zikaganda. Ya tatu, nyeusi, nzito, iliyokwisha tumika, ikalifungua paa na kulizungusha pande zote. Adila akapumua.

Mjomba akainamia kioo. "Mbona kenchi hii ya kubebea paa haijakaa ukutani?"

Kweli, ilikuwa inaelea. Adila akavuta kiti, akaanza kuirekebisha pale pale, muuzaji akingoja.

"Ukimaliza," mjomba akasema taratibu, "nifundishe na mimi. Milango yangu bado naichora kwa penseli."