Maongezi ya Mezani kwa Bi Sinnema

Halmashauri ilikuwa imeupa mkutano ule jina tamu: Maongezi ya Mezani. Geeske Sinnema alipolisoma kwenye simu yake alicheka kwa pua. Maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba serikali ikianza kuita mambo yake kwa majina ya jikoni, kuna mtu karibu atanyang'anywa kitu. Safari hii mnyang'anywa alikuwa mama yake, Bi Aaltje, mwanamke wa miaka themanini na minane, na alichokuwa karibu kunyang'anywa ni Rinske, msaidizi aliyekuja kila Alhamisi asubuhi kumwogesha, kubadili mashuka na kupiga deki. Badala ya Rinske, halmashauri ilitaka kuleta roboti ya kufagia na kioo cha kompyuta chenye sauti, cha kuwekwa juu ya kabati, ambacho kila asubuhi kingemuuliza Bi Aaltje kama amelala vizuri. Mpango mzima uliitwa Nguvu Yako Mwenyewe. Geeske alisema wangeuita Shauri Yako wangekuwa wakweli zaidi.

Wiki nzima alimpigia mama yake simu kumsihi jambo moja tu.

“Mama, nakuomba usisafishe.”

“Nisisafishe nini?”

“Nyumba. Afisa wa halmashauri akija aikute ilivyo. Vyombo viache kwenye sinki. Vumbi liache pale pale.”

“Mgeni aje akute vumbi?”

“Huyo si mgeni, Mama. Huyo anakuja kupima unachoweza na usichoweza. Ukiweza kila kitu, Rinske anaondoka.”

“Nimekuelewa, Geeske, mimi si mtoto,” mama akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata chembe.

Siku yenyewe Geeske alifika Marswoude, kijiji cha Wafrisia kaskazini mwa Uholanzi, akiwa tayari amekasirika. Mtaa aliokulia, ambako zamani uliegesha gari popote ukaenda zako, sasa ulitaka uegeshe kwa programu ya simu. Programu ilimtaka aweke neno la siri, akaliweka, ikasema si hilo. Ikamtumia namba, akaingiza namba, ikasema muda wa namba umekwisha. Alisimama mvuani akitukana kwa sauti huku jirani mmoja akimpita na mbwa wake na kumwamkia kana kwamba ni jambo la kawaida, na kweli lilikuwa la kawaida, maana mtaa mzima ulikuwa ukitukana pale pale kila siku. Benki ya kijiji ilikuwa imefungwa na kugeuzwa saluni ya mbwa. Daktari hakupatikana tena mpaka kwanza ujieleze kwa mashine. Na kila walipofunga kitu kimoja walikuambia kimekuwa karibu nawe zaidi.

Alipoingia jikoni kwa mama yake, roho ilimdondoka. Vioo vya madirisha viling'aa. Sakafu ilinukia sabuni. Kitambaa cha meza kilikuwa kimepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata mkate, na katikati yake lilisimama kopo la biskuti. Bi Aaltje mwenyewe alikuwa amekaa wima katika gauni lake la kanisani, amebandika pambo la bruchi kifuani, macho yamemwiva kwa uchovu.

“Umeamka saa ngapi?” Geeske akauliza.

“Nimeamka tu.”

“Madirisha, Mama! Umepanda wapi kuyafikia?”

“Nilishikilia kabati. Na wewe punguza kelele, Sjoerd yuko sebuleni.”

Kumbe na Sjoerd yupo. Sjoerd alikuwa mdogo wake Geeske, mwanamume wa kitambi cha heshima aliyestaafu mapema kutoka kwenye biashara ya pampu za kupasha nyumba joto, na tangu hapo kazi yake ikawa kuwa na maoni. Alikuwa na maoni juu ya mashine za kujilipia dukani, ambazo alizisifu. Juu ya baiskeli za umeme, ambazo alizilaani ila yake. Juu ya wakulima, wanafunzi, bei ya umeme na namna ya kuchemsha yai. Kumwoshea mama yake hata kikombe hakuwahi. Alikuja siku zenye mpira, kwa sababu mkewe hakupenda televisheni iwe na sauti.

“Dada!” akasema akiingia jikoni na kujivutia kiti. “Usiwe na wasiwasi. Watu kama hawa mimi najua kuongea nao.”

“Leo usiongee nao.”

“Unaona? Ndiyo shida yako. Wewe kila mtu ni adui. Hivyo vioo vyenyewe ni vizuri sana, nimesoma habari zake. Kioo kinajua hata ukiwa na huzuni.”

“Kikijua, kinafanya nini?”

“Kinakupigia muziki.”

Geeske alimtazama mdogo wake, mtu mzima huyu, akila biskuti kabla ya mgeni kufika, na kengele ikalia.

Afisa aliitwa Merel Dijkgraaf. Alikuwa binti mchangamfu mwenye viatu vyeupe na kishikwambi kwapani, na alikuwa mwema, jambo lililomuudhi Geeske zaidi. Mtu mbaya ungemjibu vibaya ukapumua. Alimpa kila mmoja mkono, akalisifu dirisha, akakaa.

“Naweza kukuita Aaltje tu?” akauliza.

“Bi Sinnema inatosha,” mama akajibu, akamimina kahawa. Birika alilishika kwa mikono miwili. Akafungua kopo, kila mtu akachukua biskuti moja, akalifunga kopo kwa kishindo kidogo, kama ilivyo desturi ya nyumba zenye heshima.

“Basi, Bi Sinnema, hali yako ikoje?”

Geeske alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba. Sema. Sema mgongo, sema magoti, sema bafu.

“Silalamiki,” mama akasema. “Naendelea vizuri tu. Wapo wenye shida kuliko mimi.”

Merel akatabasamu, akaandika. Kidole chake kilipita juu ya kioo cha kishikwambi kwa wepesi wa mtu anayepangusa makombo.

“Na usafi wa nyumba?”

“Mwenyewe unaona.”

“Naona! Nyumbani kwangu hapafikii hata nusu ya hapa.”

“Jana hapakuwa hivi,” Geeske akaingilia. “Ameamka alfajiri kwa ajili yako. Kesho hataweza kuinuka kitandani.”

“Geeske anatia chumvi,” mama akasema bila kumtazama. “Tangu mdogo. Akijikwaa anasema amevunjika mguu.”

“Anatia chumvi kweli,” Sjoerd akadakia, akacheka. Kisha akajiweka sawa kwenye kiti, na Geeske akajua sasa domo linafunguka. “Unajua, Merel, mimi nina maoni yangu kuhusu haya mambo. Nchi hii imejifanya yaya. Mtu akipiga chafya tu, anadai apewe msaidizi. Zamani kijiji kilijilea. Jirani alimpikia jirani supu. Siku hizi watu wanakaa na simu zao wanangoja serikali iwafunge kamba za viatu. Hii Nguvu Yako Mwenyewe mimi naiunga mkono asilimia mia.”

“Inapendeza kusikia hivyo,” Merel akasema, na uso wake ukachanua kweli. Yaelekea siku nyingi alikuwa hajaungwa mkono na mtu.

“Sisi Wafrisia ndivyo tulivyo. Hatumtupi mama yetu kwa halmashauri. Mimi mwenyewe kila wiki niko hapa.”

“Kila wiki?” Kidole cha Merel kikaruka. “Kwa hiyo kuna mwana wa karibu mwenye nafasi.”

“Nafasi ninayo. Nimestaafu.”

Geeske alihisi damu ikimpanda kichwani. Mjinga huyu alikuwa anamfukuza Rinske kwa kujisifu, na hakujua. Alikuwa anajipaka mafuta mbele ya binti mgeni, na kila tone lilikuwa linaandikwa. Mama naye aliitikia kwa kichwa kwa fahari, maana mwanawe alikuwa anasema vizuri.

Geeske akafumbua mdomo aseme habari ya bafu. Mama akamtupia jicho. Ni jicho moja tu, lakini lilimfunga mdomo. Vuli iliyopita Bi Aaltje aliteleza akioga, akalala uchi sakafuni, maji ya baridi yakimwagikia, mpaka Geeske alipokuja na ufunguo wake. Alijichafua pale chini. Geeske alimwosha, akamvalisha, na mama akamwapisha kwamba hatamwambia mtu yeyote, hasa Sjoerd. Tangu hapo mama hakuingia bafuni bila Rinske kumshika. Geeske aliapa. Hakudhani kiapo kile kingekuja kumzuia siku ambayo ukweli mmoja ungetosha.

Merel alikuwa anajumlisha. “Basi naona picha nzuri sana. Nyumba safi, mama mchangamfu, familia iko karibu. Tutaweka kioo na roboti. Saa za msaidizi tutazifunga mwisho wa mwezi. Vile vijikazi vidogo vinavyobaki, familia itavimudu.”

“Kabisa,” Sjoerd akasema.

“Hebu viandike hivyo vidogo,” Geeske akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, na mtu aliyemjua angeogopa. “Rinske huja Alhamisi kumwogesha Mama. Roboti haiogeshi. Mimi Alhamisi niko kazini. Andika kwamba kila Alhamisi Sjoerd atakuja kumwogesha.”

Sjoerd akaacha kutafuna. “Nimwogeshe?”

“Si umesema una nafasi? Unamvua nguo, unamshika kiunoni, unamsugua mgongo na huko kwingine kote. Baadaye unamkausha vizuri kwenye mikunjo, asipate vidonda. Kijiji kinajilea, au sivyo?”

“Dada, usinifanyie mzaha.”

“Mzaha gani? Muulize binti. Huo ndio mpango unaouunga mkono asilimia mia.”

Merel alimtazama Sjoerd kwa upole. “Wana wengi wanafanya siku hizi. Kuna hata video fupi za mafunzo. Niandike Alhamisi?”

Sjoerd alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akamwangalia mama yake, akatazama dirisha linalong'aa, akasema, “Basi... kama hakuna budi... Tunaweza kujaribu.”

Hapo ndipo Geeske alipopigwa na butwaa. Alikuwa amehesabu kwamba mwoga yule angeruka, angesema hapana, na mchezo ungeishia hapo. Hakuhesabu kwamba kiburi chake kingekuwa kikubwa kuliko aibu yake. Kidole cha Merel kilikuwa tayari kimeinuka.

“Hapana,” mama akasema.

Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na kitambaa kilichopigwa pasi kilikuwa kinajikunja chini ya vidole vyake.

“Hapana. Sjoerd hatanivua nguo.”

“Ni mwanao, Bi Sinnema,” Merel akasema. “Na kama kuoga mwenyewe unaweza, basi—”

“Siwezi.” Mama aliuachia ukingo wa meza. “Siwezi. Nilianguka. Nililala pale chini sijui muda gani. Nikajichafua kama mtoto mchanga. Naogopa kuingia mle. Naogopa hata kusikia maji. Rinske hunishika mkono, hunisimulia habari za paka wake mpaka tumalize. Siku asipokuja, sioshwi. Nanuka.” Akamgeukia binti yule mwenye viatu vyeupe. “Umeandika? Andika na hilo. Nanuka.”

Sjoerd alikuwa ameinamisha uso, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na maoni. Merel alifuta kitu kwenye kishikwambi chake, akakifuta tena, macho yamemlowa.

“Saa za msaidizi zitabaki,” akasema taratibu. “Ninaweza hata kuongeza kidogo. Samahani, Bi Sinnema. Ungeniambia mapema tu.”

“Kwa nini nikuambie? Nakujua?”

Afisa akaaga. Sjoerd naye akakumbuka ghafla kwamba ana mahali anatakiwa, akambusu mama yake shavuni haraka haraka, akatoka bila kusema neno kwa dada yake. Mlango wa mbele ukafungwa. Geeske alibaki amesimama katikati ya sakafu safi. Alikuwa ameshinda. Kila alichokijia kilikuwa kimepatikana na ziada juu yake, na dharau yote aliyokuja nayo, kwa halmashauri, kwa programu, kwa mdogo wake mpumbavu, ilikuwa imethibitishwa sawasawa. Alitafuta furaha yake, hakuiona.

“Mama,” akasema. “Sikusema mimi. Kiapo chako sikukivunja.”

“Hukukivunja,” mama akakubali. Aliinuka kwa shida, akikataa kwa bega mkono aliokuwa amenyoshewa. “Ulifanya niseme mwenyewe.”

“Wangemwondoa Rinske.”

“Najua. Najua, na nashukuru.” Alisema nashukuru kama anavyomwambia mtu wa posta. Akavibeba vikombe kimoja kimoja hadi kwenye sinki, akafungulia maji, mabega yakamruka kidogo kwa mlio wake, akaanza kuosha.

Geeske alichukua kitambaa kwenye msumari, kama alivyofanya tangu alipokuwa hafikii meza, akasimama kando yake apanguse. Mama akakitoa kitambaa mkononi mwake, bila ukali, akakiweka begani kwake mwenyewe.

“Acha tu, bibi. Kwangu mgeni haoshi vyombo.”

Geeske akaenda kutafuta koti lake.